Mlango Nilioufuta kwa Wembe

Wanangu mnaochora, mwezi uliopita mwenzenu mmoja, binti anayeitwa Rehema, alinifuata nyumbani kwangu Ilomba akiwa na kompyuta ya mapajani ndani ya mkoba. Aliambiwa kwamba yule mzee aliyechora ukumbi wa kusubiria pale kiwanja cha ndege bado yuko hai. Niko hai, ndiyo, ingawa magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Jina la kiwanja nitaliacha, maana kosa nitakalolieleza ni langu, si lake.

Binti aliweka kompyuta juu ya meza ya chakula, akasogeza bakuli la maparachichi pembeni, akanionyesha ukumbi utakavyokuwa baada ya ukarabati. Aligusa kidogo tu, tukaingia ndani ya jengo ambalo bado halipo, tukageuka kushoto, tukatazama dari. Paa limeinuliwa, mwanga unatoka juu, viti vina pa kuchajia simu. Mlango ni mmoja, mpana, wa kioo, unafunguka wenyewe ukiusogelea. Ukuta wa kaskazini umebaki mtupu kama nilivyouacha, isipokuwa wamepanga kuuchora picha ya milima.

Akaniuliza kwa adabu, "Mzee, wewe uliyeuchora wa kwanza, unaona tumekosea wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia kazi ni nzuri, nikampongeza, nikamkatia parachichi jingine. Alinieleza kwamba ramani zitasainiwa mwisho wa mwezi huu, na zikishasainiwa fundi anaanza, hakuna kurudi nyuma. Alipoondoka, mke wangu, Mama Ambokile, alitoka jikoni akifuta mikono. "Umenyamaza tena," akasema.

Ndiyo sababu ninaandika. Ninaomba kitu kimoja tu: wekeni mlango wa pili kwenye ukuta wa kaskazini kabla hamjasaini. Nikiishia hapo mtauliza nilichoulizwa mimi zamani, kwamba wa nini, kwa hiyo naomba mnivumilie nifike mwisho. Mzee akishashika kalamu haendi moja kwa moja.

Mimi sikusoma usanifu chuoni. Nilikuwa mchoraji wa ramani. Mhandisi anafikiri, wewe unachora alichofikiri, na mara nyingi unafikiri kidogo kwa niaba yake bila kumwambia. Nilianzia Iringa chini ya Mzee Chengula, mkazi wa Mlandege, Mlutheri mwembamba aliyevaa koti la sufu mwaka mzima na kuweka penseli tatu katika mfuko wa juu. Tulichora kwa kalamu za wino kwenye karatasi inayopitisha mwanga. Ukikosea, hakukuwa na kitufe cha kurudisha. Ulichukua wembe mpya, ukakwangua mstari taratibu kwa pembe yake, halafu ukapasugua kwa ukucha ili wino wa pili usisambae. Kazi hiyo niliipenda na niliiweza. Ila ukiinua karatasi dirishani, palipokwanguliwa panaonekana daima, pamekuwa pembamba.

Mzee Chengula hakuniruhusu kushika kalamu kabla sijaketi. Namaanisha kuketi kwelikweli. Ukipewa kazi ya kuchora stendi, unakwenda mahali patakapojengwa, unaketi kutwa nzima, unatazama watu. Yeye mwenyewe alibeba kiti kidogo cha kukunja na chupa ya chai, akaketi pembeni akionekana kama mtu anayengoja basi ambalo haliji. Jioni alikuuliza maswali. Wenye mizigo wanaweka wapi? Mwenye mtoto mgongoni akigeuka anagonga nini? Mvua ikianza, wa kwanza kukimbia anakimbilia upande gani? Ukishindwa kujibu unarudi kesho.

Mimi nilikuwa kijana, nikaona ananipotezea muda. Kibanda changu cha kwanza cha kusubiria mabasi, pale pale Iringa, nilikichora bila kuketi. Nilikipa paa zuri na ukuta imara upande wa mashariki. Kilipokamilika, Mzee Chengula alinichukua saa moja asubuhi tukakitazame. Mnaijua baridi ya Iringa ya mwezi wa sita. Kibanda kilikuwa kitupu kabisa, na watu wote wamejipanga upande wa nje wa ule ukuta, migongo imeegemea tofali, macho wamefumba, wanaota jua. Alikunywa chai yake yote. Kisha akaniambia, "Umewajengea watu kivuli saa wanayotafuta jua." Nilitamani ardhi ipasuke.

Kule Igowole nilikosea kwa namna nyingine. Tulijenga banda la soko, nikachora mabenchi mazuri ya zege yakitazama barabara. Akina mama hawakuyakalia hata siku moja. Waliketi juu ya magunia yao ya viazi, maana ukikaa kwenye benchi gunia linabaki nyuma yako, na gunia lililo nyuma yako si lako tena. Mabenchi yakawa ya kuanikia mahindi. Nikapita miaka mingi baadaye nikayakuta bado yanaanikiwa mahindi, na mama mmoja akaniambia aliyeyajenga alikuwa na akili sana, alijua mahindi yanataka mahali palipoinuka. Nikamwitikia, nikaondoka.

Sasa nifike kwenye milango. Mzee Chengula alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha ofisi: mahali wanapongoja watu wengi pawe na milango miwili, tena isitazamane. Zahanati, mahakama, stendi, popote. Nilidhani ni kwa ajili ya moto. Akasema moto ni mara moja katika miaka hamsini, lakini kila siku kuna mtu anaingia mahali na kumkuta asiyepaswa kuonana naye. Huyo naye apewe pa kupitia bila kuaibika.

Halafu akanipa mfano wake mwenyewe. Kwao, mwanamume hamkabili mama mkwe wake. Akiwa bado bwana harusi wa juzi, aliketi kwenye zahanati ya chumba kimoja na mlango mmoja, anaumwa malaria, mara akamwona mama mkwe anaingia akisaidiwa kutembea. Mzee Chengula aliruka dirishani. Aliruka akiwa na homa, akiwa na suruali ya Jumapili, akaangukia kwenye ndoo ya mganga ya kuchemshia sindano. Kila aliposimulia hapo alicheka mpaka machozi. Mwisho aliacha kucheka, akasema mama yule alilia njia nzima kwa sababu amemfukuza mgonjwa.

Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, na kwetu ni mkamwana na baba mkwe. Mke wa mwanao hakutazami usoni, nawe humtazami. Hakusemeshi. Mkikutana njiani anaingia shambani, anajifunika, anageuka mpaka upite. Hakai chumba ulichomo. Vijana wa mjini wanadhani ni chuki au ni utumwa. Sitabishana nao, labda yamo pia ya namna hiyo. Ninachojua ni kwamba mtu niliyemheshimu kuliko wote baada ya mama yangu, sikuwahi kuuona uso wake sawasawa.

Jina lake Subilaga. Mwanangu Ambokile alipomwoa, nilikuwa najenga nyumba hii ya Ilomba, na nikakumbuka mwalimu wangu. Nilimchorea njia yake. Jiko lina mlango wake unaotokea uani, uani kuna lango dogo la pembeni, na kati ya ukumbi na jiko niliweka ukuta wenye tundu la kupitishia vyombo. Waliponicheka kwamba nimejenga nyumba kama hoteli niliwaacha wacheke. Kwa miaka kumi na sita watu wawili wasioonana waliishi katika boma moja, hakuna aliyekimbia, hakuna aliyejikwaa. Akitaka kupita uani alikohoa. Nikitaka kutoka niligonga fimbo mara mbili kwenye kizingiti.

Nilimjua kwa miguu. Aliburuza ndala ya kushoto kidogo, kwa ajili ya kidonda cha utotoni. Saa nne ya asubuhi nilisikia ile ndala ikija, chupa ya chai ikawekwa kwenye tundu la ukuta, ndala ikarudi. Kifuniko kikigeuzwa juu chini ilikuwa na maana kwamba sukari imeshawekwa, nisiongeze. Alijua nina kisukari na kwamba mimi ni mwizi wa sukari. Hatukuwahi kuzungumza, na bado alikuwa ananigombeza kila siku kwa kifuniko cha chupa.

Kwa hiyo hamwezi kunitetea kwamba sikujua. Nilijua kuliko mtu yeyote katika kile chumba cha mkutano.

Mkutano wenyewe ulikuwa wa kupitisha ramani ya ukumbi wa kiwanja cha ndege. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Nilikwenda na kiti cha kukunja, nikaketi siku tatu. Nikaona abiria mmoja anasindikizwa na watu kumi na wawili. Nikaona upepo unaotoka bondeni unavyopiga mlangoni, nikachora njia nyembamba ya kuingilia yenye kuta pande mbili ili baridi isifike ndani. Ukumbi ukawa mmoja, abiria na wasindikizaji pamoja, mpaka pale askari anapowaita wenye tiketi waende kukaguliwa. Na ukuta wa kaskazini nikaweka mlango wa pili, unaotokea bustanini. Nilijivunia ramani ile. Niliileta nyumbani Mama Ambokile aione kabla ya wakubwa.

Mhandisi aliyetoka makao makuu alikuwa kijana, mpole, amesoma nje. Aliipenda. Alipitisha kidole chake polepole, akafika kwenye ukuta wa kaskazini, akasimama. Akauliza mlango ule ni wa nini, maana watu wataingilia huku na kutokea huku huku, na kila mlango unahitaji askari wake.

Watu wote wakanitazama. Nilivaa tai siku ile, wanangu. Mezani kulikuwa na maji ya chupa na majina yetu yamechapwa kwenye vikadi. Nikajiona nikisema mbele ya wale wasomi kwamba mlango ni kwa ajili ya wakamwana, kwamba huko kwetu kuna watu ambao hawaruhusiwi kuonana. Nikasikia wanavyocheka, ingawa hakuna aliyecheka. Nikasema, "Ni wa hewa tu, mhandisi."

Akasema basi madirisha yatatosha. Nikasema yatatosha.

Jioni ile nilitoa wembe mpya kwenye karatasi yake nikaukwangua ule mlango. Nilipasugua kwa ukucha, nikachora ukuta juu yake kwa mistari miwili safi. Mzee Chengula alikuwa ameshafariki, na nakumbuka kabisa niliona ahueni kwamba hatauona.

Ukumbi ulijengwa, ukafunguliwa, ukasifiwa. Nilipokuwa na wageni niliwapeleka kuutazama kama mtu anavyopeleka wageni kuona ng'ombe wake. Miaka ilipita bila neno. Watu hutafuta namna. Wanangoja nje, wanatuma mtoto, wanapigiana simu. Mlango usiokuwepo haulalamikiwi na mtu, na ndiyo maana ninyi mkikagua majengo hamtaliona kosa la namna hii kwenye orodha yoyote.

Nikastaafu. Kisha Subilaga akaugua. Ugonjwa wenyewe sikuambiwa, si habari ya kuambiwa baba mkwe. Niliambiwa tu ni tumbo. Nilichosikia ni ndala ikizidi kuburuzwa. Chupa ikaanza kuchelewa, saa tano, saa sita, halafu siku moja ikaletwa na miguu mingine, ya mke wangu, na kifuniko kimekaa kawaida. Nilikaa naitazama ile chupa. Sikuinywa chai.

Madaktari wa hapa wakasema aende Dar es Salaam, tena kwa ndege, safari ya basi hataiweza. Siku ya kuondoka mimi sikutakiwa kwenda, na kila mtu alijua. Lakini moyo ulikataa kubaki nyumbani. Nilijiambia nitakwenda peke yangu, wao watatoka hospitali moja kwa moja, watakuwa wameshapita kwa askari kabla sijafika, nami nitamuaga Ambokile kwa mbali na kurudi. Nikachukua bajaji. Kumbe hospitali waliwachelewesha na karatasi, na nilipofika nilikuwa wa kwanza. Mimi nikadhani wameshapita. Nikaketi kwenye ukumbi wangu, karibu na mlango kwa ajili ya magoti, nimejifunika koti. Upepo ulikuwa unavuma nje na ndani hausikiki. Nilifurahia hilo, nikajisifu moyoni.

Nilikaa karibu saa nzima. Yeye alikuwa nje muda wote huo.

Walikuwa wamefika dakika chache baada yangu. Akiwa bado kwenye gari aliniona kupitia kioo nilichokichora mimi, akamwambia mumewe kwamba anataka hewa kidogo, ndani kutamchafua moyo. Ambokile akaamini. Akamkalisha kwenye ukingo wa saruji wa maegesho, na mke wangu, aliyekuja nao, akamfunika kitenge juu ya kitenge. Ni Mama Ambokile aliyeshtuka baadaye, alipoona mgonjwa anatetemeka na bado hataki kusogea. Alifuata jicho lake linakotazama, akaniona. Akaja mbio kadiri ya uzee wake, akaniinamia sikioni, akaniambia mwanamke yule anaganda kwa sababu yako.

Nikainuka nitoke. Wakati huohuo abiria wakaitwa, na Ambokile, asiyejua lolote, akawa ameshamweka mkewe kwenye kiti cha magurudumu anamsukuma kuingia. Tukakutana kwenye ile njia nyembamba, niliyoibana makusudi ili baridi isipite. Nyuma yao watu na mabegi. Sikuona uso. Niliona kitenge kikivutwa juu kwa haraka na mikono miwili myembamba mno, na niliona anajaribu kuinuka kwenye kiti ili ageuke, akimbie, kama alivyokuwa akiingia shambani akiwa msichana. Miguu haikumbeba. Alianguka ubavu kwenye ukuta na Ambokile akamdaka.

Nikarudi ndani kinyumenyume. Nilimwendea askari kwenye kaunta, nikamwomba anipitishe huko nizunguke. Alikuwa mtu mwema. Aliniambia, "Samahani sana mzee wangu, huku ni wenye tiketi tu." Nikamwambia mimi ndiye niliyechora jengo hili. Akanitazama kwa huruma, maana nadhani alidhani nimechanganyikiwa.

Mimi sikuweza kutoka bila kumpita yeye, naye hakuweza kuingia bila kunipita mimi, na majina yalikuwa yanaitwa kwa mara ya pili.

Basi nikaenda mpaka ukuta wa kaskazini. Watu wote wananitazama, mzee mzima na fimbo yake. Nikavua koti, nikajifunika nalo kichwa, nikasimama nimeelekea ukutani, paji la uso limegusa plasta. Nikamwambia mke wangu bila kugeuka, awaite.

Watu wakavuta mabegi yao kupisha njia. Wengi wao walikuwa watu wa huku na nadhani walielewa. Nikasikia magurudumu, halafu yakasimama, na nikasikia ndala. Alikuwa amekataa kusukumwa. Alitembea. Ndala ya kulia, halafu ile ya kushoto ikiburuzwa, polepole sana, katikati ya ukumbi wote. Alipofika nyuma yangu alisimama. Akamwambia mumewe, lakini kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie baba akae. Magoti yake hayawezi kusimama hivyo."

Ndiyo sauti yake niliyoisikia akinielekezea mimi, mara ya kwanza kwa miaka kumi na sita, na aliipitishia kwa mtu mwingine ili asinivunjie heshima. Nilitaka kumwomba msamaha. Nilitaka kumwambia kwamba hapa, hapa nilipoweka uso, palikuwa na mlango, na niliufuta kwa sababu nilimwonea aibu yeye na watu kama yeye. Badala yake nikauambia ukuta, "Ambokile, mwambie mwenzako aende salama. Chai yangu itamngoja."

Ndala ikaendelea. Nilisimama pale mpaka ndege iliporuka na mke wangu akaja kunigeuza kwa mkono.

Subilaga alirudi baada ya wiki tatu, kwa barabara, katika sanduku. Daktari yeyote atawaambia kwamba saa moja ya baridi haikumuua, na ni kweli, sijidanganyi. Lakini siku yake ya mwisho huku kwao aliimaliza kwenye ukingo wa saruji akimpisha mzee mwenye afya aote joto. Msibani wazee waliniambia kwamba sasa hakuna kizuizi, naweza kuingia kumuaga uso kwa uso. Sikuingia. Nisingeweza kumtazama siku ambayo hawezi tena kujifunika mwenyewe.

Najua mtakaloniambia. Mila hizo zinakwisha. Ni kweli, mjukuu wangu mmoja anakula meza moja na baba mkwe wake na wanacheka pamoja, nami nafurahi nikiwaona. Sisemi muirudishe mila. Lakini kaeni pale kutwa moja tu, na kiti cha kukunja. Mtamwona mwanamke aliyemkimbia mume anayempiga, na mume huyo kaketi mlangoni. Mtamwona aliyepokea simu ya msiba na anataka mahali pa kutokea bila kukatisha mbele ya watu mia wakimtazama anavyolia. Mimi nilimwona mmoja, na alikuwa wa nyumbani kwangu, na mlango wake nilikuwa nao mkononi.

Rehema, mwanangu, uliniuliza mmekosea wapi, nikakupa parachichi. Jibu ni hili. Msichore milima kwenye ule ukuta. Ingieni kwa mlango uliopo, shikeni kulia mpaka kona ya mashariki, halafu hesabuni hatua kumi na moja kufuata ukuta wa kaskazini. Mtakuta alama ya mafuta kwenye rangi, imefifia, urefu wa paji la uso wa mtu mzima aliyeinama kidogo.

Toboeni hapo.